Ng'ombe ana alama, mradi wa kaunti hauna

Nianze na jibu, swali litafuata: hapana, sitawatengenezea apu.

Swali lenyewe limetoka kwa kikundi kidogo cha walipa ushuru hapa Kimana. Ni wakulima wa nyanya na vitunguu, mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la dawa za mifugo, na vijana wawili wa bodaboda. Wana daftari moja kubwa na utepe wa kupimia. Kazi waliyojipa ni rahisi kuieleza: kujua ushuru wao umenunua nini. Kisima kiko wapi? Darasa lina upana gani? Mtaro ulijengwa mita ngapi, na mita ngapi zililipiwa? Kwa kuwa mimi ndiye "yule kijana wa kompyuta", wakaniomba apu. Mtu apige picha ya mradi, abonyeze, ripoti iende zake.

Ninawaheshimu sana, na kwa sababu hiyo hiyo nimekataa. Wenzangu watunzi wa programu, naomba mnisikilize kabla ya kunirushia mawe, maana nusu ya lawama hii ni yetu.

Nenda soko la mifugo. Mfugaji wa Kimaasai akipotelewa na ng'ombe, haendi kuuliza "mmemwona ng'ombe mwekundu?" Ng'ombe wekundu ni wengi. Ng'ombe wake ana alama: sikio limekatwa kwa namna ya ukoo, ubavu umepigwa chapa. Akiibiwa leo, akionekana mwezi ujao soko la mbali, alama ndiyo itakayosema ni wa nani.

Mimi pia nina alama. KRA wamenipa PIN. Shamba lina namba. Gari lina namba. Hata simu yako ya mulika mwizi ina namba ndani yake ambayo haifanani na ya simu nyingine duniani. Sasa niambie, msomaji wangu: mradi wa maji wa shilingi milioni kadhaa, unaolipwa kwa ushuru wa wote hao, una namba gani?

Nimepitia nyaraka za kaunti kadhaa, sitazitaja, na hili ndilo lililonikata maini. Mradi mmoja unazaliwa na jina moja, unabatizwa jingine katikati ya safari, na unazikwa na la tatu. Mfano huu nimeutunga, lakini aliyewahi kufungua nyaraka hizi atautambua mara moja:

Kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka: "Uchimbaji wa kisima, Kimana."
Kwenye makadirio ya bajeti: "Uboreshaji wa huduma za maji, Kajiado Kusini."
Kwenye tangazo la zabuni: "Kuchimba, kufunga pampu na kujenga tangi."
Kwenye ripoti ya robo mwaka: "Miradi ya maji, malipo ya sehemu."
Kwenye ripoti ya ukaguzi: "Kazi ambazo hazijakamilika."

Haya, tuambie. Hicho ni kisima kimoja, viwili au vitano? Mwaka unaofuata kwenye mpango kukiandikwa tena "kisima, Kimana", ni kile kile kinachomaliziwa au ni kipya? Mwalimu wetu mstaafu hawezi kujua. Mwakilishi wadi hawezi kujua. Mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta siwezi kujua. Na msidhani tarakilishi itajua.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii nieleze kidogo. Ukiwa na majedwali mawili kwenye hifadhidata na unataka kuyaunganisha, unahitaji kitu kimoja kinachofanana pande zote mbili na kisichobadilika. Tunakiita ufunguo. Benki haikutambui kwa jina, kwa sababu akina Nkaissery na akina Wanjiku ni wengi. Inakutambua kwa namba ya akaunti. Ukiunganisha majedwali kwa majina unapata takataka. Hili ni somo la mwaka wa kwanza chuoni, na hakuna apu, hakuna "akili unde", hakuna uchawi wa kuliepa. Data isiyo na ufunguo ni kama boma lisilo na mlango. Ng'ombe wako ndani, lakini huwezi kuwafikia.

Ndiyo maana apu haitawasaidia watu wa Kimana. Picha watapiga, tena nzuri. Lakini picha ya kisima kilichokauka italinganishwa na nini? Na mstari upi wa bajeti? Bila ufunguo, apu ni albamu ya picha tu.

Tena tumeshapita njia hii. Sheria ya CDF ilipitishwa 2003, ikitenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge. Kabla yake, tangu 1998, kulikuwa na sheria ya LATF iliyopeleka asilimia 5 ya ushuru wa mapato kwa mabaraza ya miji na wilaya, likiwemo lile la Ol Kejuado lililotutawala huku kabla ya kaunti kuanza 2013. Mifuko miwili, eneo moja, na hakuna namba ya pamoja. Darasa moja lingeweza kuonekana kwenye vitabu vya mfuko huu na vya mfuko ule, na mwananchi angejuaje?

Mwaka 2006 kikaundwa Chama cha Kitaifa cha Walipa Ushuru, NTA, ambacho kilianza kutoa kadi za ripoti za fedha hizo kwa maeneo bunge, mradi kwa mradi. Walifanyaje? Walikwenda. Walichukua orodha ya miradi, wakafika mahali penyewe, wakaangalia. Mwaka 2007 MUHURI ya Mombasa ikafanya ukaguzi wa jamii kule Changamwe. Wakazi wa kawaida walifunzwa kusoma mafaili ya CDF, wakaenda kukagua, kisha wakayasema mbele ya watu waziwazi. Mbinu hiyo ilitoka kwa wanachama wa MKSS wa Rajasthan, India, ambao tangu 1994 walikuwa wakisoma vitabu vya malipo ya serikali hadharani vijijini, jina kwa jina. Mtu akisikia jina lake limetiwa saini kwa kazi ambayo hakuifanya, anasimama na kusema. Harakati hizo zilichangia India kupata sheria yake ya haki ya habari mwaka 2005. Angalia silaha yao ilikuwa nini: karatasi yenye majina, basi. Tovuti ya serikali ya Rajasthan ya kuonyesha habari hizo, Jan Soochna, ilikuja 2019, robo karne baadaye. Kwanza rekodi, halafu tovuti.

Sisi Kenya tulitaka kuanzia kwenye tovuti. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data wazi ya serikali, na nchi ikasifiwa dunia nzima. Vijana tukajazana kwenye hakathoni pale iHub na kwingineko, tukala piza, tukatengeneza apu za kila namna. Haikuchukua miaka mingi kabla ya data ile kuchakaa, na apu zilizoitegemea zikafa nayo. Mfadhili anaondoka, seva inazimwa, mwenye apu anapata kazi kwenye benki. Kule kijijini wamebaki na aikoni kwenye simu isiyofunguka.

Tazama kilichodumu. Mzalendo, iliyoanzishwa 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga kufuatilia Bunge, imeishi miaka mingi. Kwa nini? Nina maoni yangu. Mbunge ana jina moja na eneo bunge moja, na hotuba zake zimo kwenye Hansard kwa jina hilo hilo. Ufunguo ulikuwepo tayari, wao wakautumia. Mradi wa maji ungekuwa na ufunguo kama mbunge alivyo nao, tungekuwa na Mzalendo wa visima zamani.

Najua nitaambiwa: "Lakini kaunti zinachapisha!" Ni kweli, na sheria inazilazimisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka hazina ya kaunti ichapishe ripoti ya kila robo mwaka, si zaidi ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti zake, na Mkaguzi Mkuu hutoa zake. Tatizo ni umbo la kinachochapishwa. Mara nyingi unachokuta ni PDF ya kurasa mia tatu iliyoskaniwa, kurasa nyingine zimelala ubavu, na muhuri umekaa juu ya tarakimu. Hiyo si data. Ni picha ya data. Kuitafuta neno "Kimana" ndani yake ni kama kulitafuta kwenye picha ya harusi.

Utasema kuna programu za kusoma maandishi kwenye picha. Zipo, nazitumia. Lakini programu hizo husoma 3 mahali pa 8 bila kuona haya. Fikiria maana yake. Kikundi cha Kimana kinasimama barazani na kumwambia mwanakandarasi kwamba amelipwa 8,400,000, kumbe karatasi inasema 3,400,000. Siku hiyo hiyo kikundi kimekufa. Hakuna atakayekiamini tena, na huenda wakashtakiwa kwa kuchafua jina la mtu. Tarakimu moja! Kosa la skana analipa mwananchi.

Na wanaoumia zaidi ni wa mbali. Kaunti ya Kajiado ina wadi 25 na watu 1,117,840 kwa hesabu ya 2019. Mkazi wa Kitengela yuko kwenye barabara ya Namanga, na ana mtandao wa kasi na majirani mawakili na wahasibu. Akitaka karatasi mjini Kajiado anapanda matatu asubuhi na kurudi mchana. Sisi wa Kimana hatuna njia fupi ya kwenda makao makuu: ama uzungukie Emali, ama upite njia ya Amboseli hadi Namanga. Siku nzima, na nauli, kwenda kuangalia ubao wa matangazo. Na huku maji ndiyo uhai. Tunalima kwa chemchemi na mitaro inayoshuka kutoka Kilimanjaro, mifugo inakunywa hapo hapo, na wanyamapori pia. Mradi mmoja wa maji ukipotelea kwenye karatasi, anayelima juu na anayechunga chini wanaanza kutazamana kwa jicho baya, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwizi.

Sasa, kuna anayedhani ninadai mambo ya Ulaya? Twende Emali. Si ng'ambo, ni mwisho wa barabara yetu hii ya lami, na ukifika tu umeingia Makueni. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, Makueni iliunda kamati za wananchi za kusimamia miradi, na saini ya kamati ikawa sehemu ya safari ya malipo ya mwanakandarasi. Mwaka 2019 ikafungua tovuti ya kandarasi inayofuata kanuni za kimataifa za data ya ununuzi wa umma, zilizotolewa mara ya kwanza 2014. Moyo wa kanuni hizo ni nini? Namba moja. Mchakato mmoja wa ununuzi unapewa kitambulisho kimoja, na kitambulisho hicho kinausindikiza kutoka mpango hadi zabuni, hadi mkataba, hadi malipo. Ukraine nayo ilipofanya mfumo wake wa ProZorro kuwa wa lazima kwa ununuzi wa serikali mwaka 2016, ilijengwa juu ya kanuni hizo hizo. Jirani wa Emali ameweza. Tofauti yetu naye ni nini, mbuyu?

Pingamizi nyingine nazisikia zikija. "Ni gharama." Gharama gani? Ni safu moja zaidi kwenye lahajedwali. Serikali za kaunti zinatumia mfumo wa IFMIS, ambamo malipo hubeba misimbo tayari. Mashine zinaongea kwa namba ndani ya ofisi, ila zikitoka nje kuja kwa mwenye pesa zinageuka hadithi. "Wananchi hawataelewa." Mama anayepakia kreti za nyanya hapa sokoni anajua kreti ngapi zimekwenda Nairobi, ngapi Mombasa, dalali gani hajamlipa na tangu lini. Mpe jedwali lenye namba, atakushangaza. "Wanasiasa watakitumia kikundi." Watajaribu, kama kawaida yao. Lakini namba haina chama. Nyie andikeni mita zilizolipiwa na mita zilizopo, hamna haja ya kuongeza neno.

Kuna sababu moja tu ya mradi kutokuwa na alama ambayo sijaweza kuijibu, nayo haisemwi kwenye mikutano: ng'ombe asiye na alama ni rahisi kuuzwa mara mbili.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyowaambia jamaa wa kikundi, na ninawaambia nyinyi mlioko Kitengela, Ngong, Rombo au popote.

1. Daini namba moja kwa kila mradi, ile ile kwenye mpango, bajeti, zabuni, ripoti ya malipo na ukaguzi, na ipakwe rangi kwenye kibao cha mradi. Kibao kisicho na namba ni pambo.

2. Daini faili la jedwali, CSV au lahajedwali la kawaida, si picha. Anayeskani karatasi alikuwa na faili kabla ya kulichapa. Atoe hilo.

3. Daini mkataba. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kinasema taasisi ya umma ikishatia saini mkataba ichapishe kazi yenyewe na upeo wake, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa, na muda wa kumaliza. Msingoje kuomba hisani, hilo ni deni. Kifungu hicho hicho kinataka habari zitolewe kwa kuzingatia lugha ya mahali na njia inayowafikia watu wa hapo. Kwetu hiyo ni Kimaa na Kiswahili, na ni ukuta wa ofisi ya wadi kabla ya tovuti.

4. Andikeni barua, na muiandike kwa Kiswahili. Sheria hiyo inaruhusu ombi kwa Kiingereza au Kiswahili. Kutuma ombi hakulipiwi, na sababu yako ya kuuliza haiwezi kutumiwa kukunyima. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakikukatalia, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ina nguvu kuliko apu yoyote nitakayowahi kuandika.

5. Wakati mnangoja, ipeni miradi alama zenu wenyewe. Kimana-001, Kimana-002, mkaendelea. Ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mradi: mahali, tarehe, vipimo, picha ngapi zimepigwa na ziko kwenye simu ya nani. Kila jina jipya la mradi huo likitokea kwenye karatasi ya serikali, linaongezwa kwenye ukurasa huo. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina.

Hiyo ya tano nimejitolea kuisaidia, na si kwa apu. Ni lahajedwali moja lenye safu tisa, nakala kwenye simu tatu, na nakala ya karatasi kwa mwalimu. Halihitaji seva, halihitaji bando, na nikihama kesho halifi.

Wenzangu watunzi wa programu, kazi yetu ipo, tusikate tamaa. Tuandike programu za kusafisha hizo PDF kwa sasa, kwa uangalifu, na kila tarakimu ihakikiwe na jicho la mtu. Tutumie kile kidogo tunachokijua kueleza kwa lugha ya mwananchi kwa nini ufunguo ni jambo la siasa na si la kiufundi peke yake. Na tukialikwa hakathoni nyingine ya "uwajibikaji", tuulize swali moja mlangoni: data ina namba? Kama haina, tusipoteze wikendi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo kuna vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi. Mtapewa dakika mbili kila mmoja, na kila mtu ataomba barabara, kisima, zahanati. Ni haki yao. Lakini mmoja wenu asimame aombe kitu ambacho hakina gharama na ambacho bila hicho hatutajua kama barabara, kisima na zahanati vilikuja. Aseme: "Tunaomba namba." Halafu akae chini, na karani alazimike kuliandika hilo kwenye kumbukumbu za kikao.